Maji Yaliyokosa Njia

Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Tukuyu, msikilizaji wa siku nyingi wa mazungumzo haya. Anaeleza kwamba mjukuu wake alimletea mawe matatu ya mtoni, laini na ya mviringo, naye akayafanya mafiga. Jioni ya pili, maharage yakiwa yamekaribia kuiva, figa moja lilipasuka kwa kishindo kama cha bunduki. Chungu kikapinduka, na kipande cha jiwe kikamchana mtoto shavuni. Mtoto amekwisha kupona. Yasiyopona ni maneno ya majirani, wanaosema jiwe halipasuki hivi hivi, na kidole chao kimekwisha kuelekezwa kwa mke mwenza ambaye hawapatani naye. Mama anauliza: jiwe lile lilikuwa na nini ndani?

Shikamoo, mama. Ndani yake mlikuwa na maji.

Nasema hivyo bila wasiwasi, na wala sihitaji kulishika jiwe lenyewe. Jiwe tunaloliona kuwa kitu kizima, kigumu, kisichopitisha hata pumzi, kwa hakika lina vitundu na nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Katika jiwe la mchanga, lile ambalo ukilikwaruza linatoa chembe, sehemu kumi hadi ishirini na zaidi katika kila mia yaweza kuwa ni nafasi tupu. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ardhini waweza kuwa na nafasi hata thelathini na zaidi katika mia. Mawe magumu kama matale yana nafasi ndogo mno, pengine chini ya moja katika mia, lakini hata hayo yana nyufa zake. Jiwe lililolala mtoni miaka na miaka huwa limeshiba. Kila kitundu kimejaa maji, na hewa yote imekwisha kutoka.

Sasa liweke jiwe hilo motoni. Hapa wengi hurukia mvuke, na si kosa, maana mvuke upo. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Lakini taabu huanza mapema zaidi, maji yakiwa bado maji, hayajatoa hata Bubujiko moja la kuchemka. Napenda tulitazame jambo hilo kwa utulivu, kwa sababu ndilo litakalotutoa jikoni na kutupeleka mbali, mpaka kwenye mlima ulioua watu karibu 2,000 kwa usiku mmoja.

Chukua lita moja ya maji ya vuguvugu la kawaida, nyuzi 20, uyapashe moto hadi nyuzi 80. Yatavimba kwa kiasi cha vijiko viwili vya chakula hivi. Chukua kipande cha mwamba mkavu chenye ukubwa wa lita moja, ukipashe joto lile lile. Kitavimba kwa chini ya nusu ya kijiko cha chai. Maana yake ni kwamba maji na mwamba vikipata joto pamoja, maji huhitaji nafasi ambayo mwamba hauwezi kuyapa. Nyumba inapanuka kidogo, wapangaji wananenepa sana.

Kama kitundu kina mlango, hakuna neno, vijiko vile viwili vitatoka nje. Kama hakina, maji hubaki yakisukuma kuta. Na maji hayakubali kubanwa kama hewa inavyokubali. Kuyarudisha maji yale katika ukubwa wake wa awali kungehitaji shinikizo la zaidi ya mara 500 ya lile la hewa tunayovuta. Ndani ya chombo cha chuma kisicholegea, kilichojaa maji bila pengo, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huongeza shinikizo kwa kadiri ya mara tano au sita ya shinikizo la hewa, na kadiri maji yanavyozidi kuwa moto ndivyo ongezeko linavyozidi. Katika mwamba hali huwa nafuu kidogo kwa sababu mifupa ya mwamba nayo hulegea. Wanaopima wanapata ongezeko la kati ya mara moja na mara kumi ya shinikizo la hewa kwa kila nyuzi. Fundi wa tairi hutia presha ya kama mara mbili tu ya hewa katika gurudumu la gari dogo, na tunajua linavyolia likipasuka.

Kwa hiyo mama asimtafute mchawi. Atafute mawe makavu ya mlimani, yasiyo na matabaka, ayaanike juani majuma kadhaa, na siku ya kwanza awashe moto mdogo wa muda mrefu ili unyevu utoke polepole. Hayo ya moto mdogo bibi zetu walikuwa wakiyafanya bila kuambiwa na redio.

Kabla hatujaondoka jikoni, niondoe mkanganyiko mmoja. Wapasua kokoto wa sehemu nyingi huwasha moto juu ya jabali ili lipasuke, nalo hupasuka kwa magamba mapana. Hapo maji si mhusika mkuu. Ngozi ya jabali hupata moto na kutaka kutanuka, wakati tumbo lake bado ni baridi na linakataa, basi ngozi hubanduka. Ni moto ule ule, na jiwe limepasuka, lakini sababu ni nyingine. Nayasema haya kwa kuwa nimewahi kusikia watu waliosoma wakiyachanganya mambo haya mawili kana kwamba ni moja.

Turudi kwenye mlango wa kitundu, maana hapo ndipo pana kiini cha mambo yote. Joto husafiri ndani ya mwamba kwa mwendo unaojulikana, na mwendo huo hautofautiani sana kati ya mwamba na mwamba. Kupenya sentimita moja huchukua dakika moja au mbili. Kupenya sentimita kumi huchukua saa tatu hivi. Mita moja ni siku kama kumi, na mita kumi ni miaka mitatu. Msikilizaji aliye makini ataona kwamba umbali ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia. Ndiyo sababu pango huwa na ubaridi ule ule masika na kiangazi: joto la mchana halina muda wa kufika.

Maji nayo yanasafiri, lakini hayo hayana mwendo mmoja. Katika changarawe yanapita kama watu sokoni. Katika udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa yanapita kwa shida hata mara bilioni na zaidi. Kwa hiyo kila mwamba wenye maji ukipata joto, kuna mbio mbili zinazokimbizwa kwa wakati mmoja: joto linaingia na maji yanatafuta pa kutokea. Maji yakitangulia, joto liwe kali namna gani, shinikizo halipandi kwa kiasi cha kutisha. Joto likitangulia, hata nyuzi chache zinatosha kuleta maafa.

Mfano wa maji yenye njia tunao karibu. Pale Olkaria, kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, umeme unazalishwa kwa joto la ardhini tangu mwaka 1981. Visima vinakwenda chini kilomita mbili, tatu, na huko mwamba una joto la kufikia nyuzi 300. Mtu anaweza kushangaa kwa nini bonde lote lile halilipuki. Jibu ni kwamba miamba ya kule ina nyufa nyingi, maji yanazunguka, yanapanda na kushuka, na mengine yanapumua juu kwa mvuke unaouona ukitoka ardhini. Aidha, uzito wa maji yaliyo juu huyazuia ya chini yasichemke. Chini ya nguzo ya maji ya kilomita moja, shinikizo ni kama mara 100 ya la hewa, na hapo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 300. Wachimba visima wanaliheshimu jambo hilo kuliko yote: ukipunguza uzito juu ya maji ya namna hiyo kwa ghafla, yanageuka mvuke papo hapo. Kwa wakazi wa Mbeya, chemchemi za maji ya moto za Songwe ni ndugu wa mbali wa mvuke huo wa Olkaria. Nazo zina njia.

Lakini njia inaweza kuzibika. Maji ya moto hubeba madini yaliyoyeyuka, na yakipoa karibu na uso wa ardhi madini hayo huganda kwenye nyufa, kama ukoko unavyoganda ndani ya birika la chai. Mlima unakuwa umejifunika wenyewe. Tarehe 27 Septemba 2014, Jumamosi karibu na saa sita mchana, mlima Ontake nchini Japani ulilipuka wakati wapanda milima walikuwa kileleni, wengine wakila chakula walichofungasha. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena. Hapakutoka lava. Kilicholipuka kilikuwa maji ya ndani ya mlima, yaliyopata joto na kukosa pa kwenda. Mlima wa namna hiyo hautoi onyo kubwa kama ule unaopandisha lava.

Hadi hapa joto limetoka nje, kwenye moto wa kuni au moto wa ardhini. Sasa nataka tuone mahali ambapo hapakuwa na moto wowote, wala volkano, na bado joto lilifanya kazi ile ile. Ni kaskazini ya Italia, katika bonde la mto Vajont. Sehemu hii ndiyo iliyoninyima usingizi nilipoanza kuisoma, na naomba msomaji anivumilie nikiieleza kwa urefu.

Hapo ndipo wahandisi walipojenga ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 262, miongoni mwa kuta ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Kazi ilikuwa nzuri. Ukuta ule umesimama hadi leo. Tatizo halikuwa ukuta, ilikuwa mlima wa pembeni uitwao Monte Toc. Mwaka 1959 na 1960 mjiolojia Edoardo Semenza na mwenzake Franco Giudici walipita mlimani, wakatoa taarifa kwamba ubavu ule ulikuwa ni maporomoko makubwa ya zamani, yaliyolala tu, na yanaweza kuamka. Edoardo huyo alikuwa mtoto wa Carlo Semenza, mhandisi aliyelibuni bwawa lenyewe. Mtu afikirie chakula cha jioni katika nyumba ile.

Alikuwapo pia mwandishi wa habari, mama mmoja aliyeitwa Tina Merlin, wa gazeti la l'Unità. Aliwasikiliza wanavijiji wa Erto waliokuwa wakisema mlima wao haukutulia, akayaandika waliyosema. Alishtakiwa mahakamani kwa kueneza habari za uongo za kuwatia watu hofu. Mwaka 1960 mahakama ya Milano ikamwachia huru. Sisi wa kazi hii tunapaswa kulijua jina lake.

Mwaka huo huo wa 1960, maji yakiwa yameanza kupandishwa, ufa wenye urefu wa kama kilomita mbili ulifunguka juu ya mlima, na kipande kidogo kikaporomoka ziwani. Tangu hapo wahandisi walikuwa na jambo moja la kuwafariji. Walipoyapandisha maji ya ziwa, mlima ulitambaa kwa kasi zaidi. Walipoyashusha, ulipunguza mwendo. Wakaamini wamepata usukani. Walidhani wanaweza kuuteremsha mlima polepole, hatua kwa hatua, mpaka utulie. Wakachimba hata handaki la kupitisha maji endapo udongo ungeligawa ziwa mara mbili. Kwa miaka mitatu mlima uliwatii. Septemba 1963 mwendo ulianza kuongezeka, wakayashusha maji tena, lakini safari hii haukupunguza. Mwanzoni mwa Oktoba ulikuwa ukitembea kwa sentimita hata ishirini kwa siku.

Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, saa nne na dakika 39, ubavu wa mlima wenye ujazo wa mita za ujazo milioni 270 uliteleza kwa pamoja. Haukutambaa tena. Ulishuka kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, ukalijaza ziwa kwa muda usiofika dakika moja. Maji yaliruka juu ya ukuta, yakaangukia mji wa Longarone ulioko chini bondeni. Watu wengi walikuwa wamekusanyika mabaani kutazama mpira kwenye televisheni, Real Madrid ikicheza na Rangers ya Scotland. Karibu watu 2,000 walikufa.

Swali lililowasumbua wataalamu baadaye halikuwa kwa nini mlima uliporomoka. Hilo walikwisha kuonywa. Swali lilikuwa: kwa nini kwa kasi ile? Kitu kilichotambaa kwa sentimita chache kwa siku, miaka mitatu, kimepataje mwendo wa gari la moshi katika sekunde chache? Kwa hesabu za kawaida za msuguano, mlima ule ulipaswa kushuka kwa kujivuta.

Ili kulijibu, nirudi nyuma kidogo kwa Karl Terzaghi, mhandisi aliyezaliwa Prague mwaka 1883, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kiliweka msingi wa elimu ya udongo kwa wajenzi. Terzaghi alionyesha kwamba mzigo wa ardhi hubebwa na wapagazi wawili, chembe za udongo na maji yaliyo katikati yake. Chembe zinapobeba mzigo zinashikana, na msuguano ndio unaozuia kuteleza. Maji hayashikani na kitu. Kwa hiyo kila kilo ambayo maji yanaibeba ni kilo iliyoondolewa kwenye msuguano. Maji yakibeba mzigo wote, chembe zinabaki zikielea, na mlima unakuwa hauna kinachoushika.

Mwaka 1959 Wamarekani wawili, M. King Hubbert na William Rubey, walilionyesha jambo hilo kwa kopo tupu la bia. Walilipoza kopo, wakaliweka mdomo chini juu ya kioo kilicholowa maji, kilichoinamishwa kidogo mno, kama nyuzi moja. Kopo likakaa palepale. Kisha hewa iliyomo ndani ilipoanza kupata joto la chumba na kutaka kutanuka, ikalinyanyua kopo kwa kiasi kidogo sana, nalo likaanza kuteleza lenyewe. Wanaoosha glasi kwa maji ya moto na kuzipindua mezani wamewahi kuona mchezo huo.

Sasa tulete joto Vajont. Mlima uliteleza juu ya matabaka membamba ya udongo wa mfinyanzi yaliyo kati ya mawe ya chokaa, mengi yakiwa na unene wa sentimita chache tu, yameloa maji. Juu yake palikuwa na mwamba wa unene wa mita 150 hivi, yaani tani zaidi ya 300 zikikandamiza kila mita ya mraba. Kila mtu aliyewahi kusugua viganja asubuhi ya baridi anajua msuguano huzaa joto. Katika kutambaa kwa sentimita chache kwa siku, joto hilo lilikuwa na siku nzima ya kutawanyika. Sentimita moja ya mwamba, tumesema, hupenywa kwa dakika moja au mbili. Kwa hiyo tabaka halikupata moto wa maana.

Lakini mwendo ulipopita kiasi fulani, mbio ziligeuka. Joto likawa linazaliwa haraka kuliko linavyoweza kuondoka. Mlima wa uzito ule ukisogea mita moja tu kwa haraka, joto linalopatikana linatosha kulipandisha tabaka la udongo la sentimita moja kwa nyuzi kumi na zaidi. Kumbuka kila nyuzi ina thamani gani kwa maji yasiyo na mlango. Na mfinyanzi hauna mlango. Maji yalivimba, yakabeba mzigo, msuguano ukapungua. Mlima ulipopoteza kizuizi ukaongeza mwendo, na mwendo ukaleta joto jingine. Baada ya hapo hakuna lango la ziwa ambalo lingefunguliwa likasaidia.

Mfaransa Pierre Habib alilitoa wazo hilo miaka michache tu baada ya maafa, na mwaka 1982 Barry Voight na Charles Faust walichapisha hesabu zake. Wengine wamezirudia tangu hapo kwa kompyuta. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mjadala umefungwa. Wapo wanaosema mfinyanzi wa aina ile hupoteza nguvu wenyewe ukisuguliwa kwa kasi, hata bila joto, na wapo wanaotilia mkazo kuvunjika kwa mwamba wa juu. Huenda yote yalishiriki. Lakini kati ya maelezo ninayoyajua, hili la joto ndilo linaloeleza vizuri kwa nini usukani wa wahandisi ulifanya kazi miaka mitatu, kisha ukakatika. Walikuwa wamejifunza tabia ya mlima unaotambaa. Mlima unaotambaa na mlima unaokimbia si kitu kimoja, kwa kuwa katika huu wa pili joto lina kauli yake.

Mambo hayo hayo yanadhaniwa kutokea ndani ya matetemeko ya ardhi, jambo ambalo Richard Sibson aliliandika mwaka 1973. Baada ya tetemeko kubwa la Japani la mwaka 2011, meli ya utafiti Chikyu ilichimba kupitia ufa wenyewe, chini ya bahari yenye kina cha karibu kilomita saba, na wataalamu wakaacha vipimajoto humo. Ardhi ilikuwa imeteleza kama mita 50. Mtu angetazamia joto la kutisha lililobaki pale. Walikuta ongezeko la theluthi moja ya nyuzi. Ufa uliteleza kwa msuguano mdogo sana. Udongo laini wa mahali pale una sehemu yake katika hilo, na maji yaliyobanwa yanatajwa pia.

Labda msikilizaji atauliza ni nani leo anayepasha mwamba wenye maji kwa makusudi. Wapo. Nchi zinazotumia umeme wa nyuklia zina taka zinazobaki na mionzi kwa muda ambao ukoo wowote haujawahi kuuhesabu, nazo zinakusudia kuzizika ardhini. Ufaransa na Ubelgiji zimeelekeza macho kwenye mfinyanzi. Sababu ni nzuri: mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo hautaisafirisha sumu hadi kwenye visima vya watu. Lakini taka hizo ni za moto, na zitaendelea kutoa joto kwa miaka mingi. Mlinzi aliyechaguliwa kwa sababu hana mlango ndiye yule yule ambaye maji yake, yakipashwa moto, hayana pa kutokea.

Wanalijua hilo, na ni haki niwasifu. Mjini Mol, Ubelgiji, wana maabara kwenye kina cha mita 225 ndani ya tabaka la mfinyanzi, iliyoanza kujengwa mwaka 1980. Mwaka 2014 waliwasha humo hita ya umeme ndani ya handaki, wakalipandisha joto la mfinyanzi unaolizunguka hadi nyuzi 80, kwa mpango wa kulishikilia kwa miaka kumi, huku vipima shinikizo vikiwa vimepandwa pande zote. Shinikizo la maji lilipanda, kama ilivyotarajiwa. Huko Bure, mashariki ya Ufaransa, kwenye kina cha karibu mita 500, wanafanya majaribio ya jamaa hiyo, na katika mipango yao mwamba haupaswi kupita nyuzi 90. Njia kuu waliyo nayo ya kulidhibiti shinikizo ni ya kizamani kabisa. Wanaziacha taka zipoe juu ya ardhi kwa miongo kadhaa kwanza, na mashimo ya kuzikia wanayatenganisha, ili joto la shimo moja lisikutane na la jirani yake kabla maji hayajapata muda wa kujivuta pembeni. Kwa mwendo wa maji katika mfinyanzi ule, muda huo ni wa miaka, si wa siku, na ndiyo maana majaribio yenyewe yanakwenda polepole hivyo.